Kalenda ya Kuazima: Uhakiki wa Mashauri Juu ya Mtihani wa SAT

Yameenea katika shule zetu za Uganda mashauri juu ya wakati ufaao wa kufanya SAT, mtihani ambao vyuo vikuu vya Marekani huutumia katika kuchagua wanafunzi. Kwa ufupi yasema hivi: ufanye mara ya kwanza kati ya Machi na Juni, ukiwa umebakiza mwaka mmoja wa sekondari, urudie Agosti au Oktoba, kisha upeleke maombi. Huenda sisi walimu wa Kiswahili tukadhani kuwa jambo hili halituhusu. Latuhusu sana, na hapa twakusudia kulipima.

Kwanza tuyape mashauri hayo haki yake. Huko Marekani mwaka wa shule huanza Agosti au Septemba na kwisha Mei au Juni. Vyuo vingi hupokea maombi ya mapema hadi tarehe 1 Novemba, na ya kawaida hadi siku za mwanzo za Januari. Kurudia mtihani kwaruhusiwa, na vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu. Kwa kijana wa Chicago, basi, hesabu hiyo imekaa sawa: hufanya, hujiona alipopungukiwa, hutumia likizo kujisahihisha, hurudia.

Lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo. Mwaka wetu huanza Februari na kwisha Desemba. Oktoba, ambayo kwa Mmarekani ni mwanzo wa mwaka, kwetu ni mlango wa mtihani wa taifa wa kidato cha sita, ufanywao Novemba hadi mwanzoni mwa Desemba. Tulipata kuwa na mwanafunzi hodari wa Kiswahili aliyeufuata mwongozo huo neno kwa neno. Alifanya SAT Oktoba, akairudia Novemba. Alama zake zilipanda kidogo tu. Lakini aliingia katika karatasi ya fasihi akiwa hajaimaliza riwaya wala tamthilia. Alianguka katika somo alilolipenda kuliko yote, na vyuo alivyoviomba vilitaka kuyaona matokeo hayo hayo ya taifa. Kosa halikuwa lake peke yake. Sisi tulimwona akihangaika, tukanyamaza.

Kasoro ya pili ni kuwashauri wote kwa kauli moja. Nusu ya SAT ni hisabati. Hapa kwetu kila mwanafunzi husoma hisabati hadi kidato cha nne. Baada ya hapo wengi wa michepuo ya sanaa huiacha. Mwanafunzi wa fasihi na historia akiambiwa angoje hadi kidato cha sita, aambiwa angoje hadi asahau. Yeye yamfaa kufanya mapema, hesabu zikali zimo kichwani. Mwenzake wa sayansi aweza kungoja kidogo bila hasara.

Kasoro ya tatu yatugusa sisi zaidi. Tangu 2023, nje ya Marekani SAT hufanywa kwa kompyuta, kwa muda wa saa 2 na dakika 14. Vifungu vya kusoma havizidi maneno 150, na kila kimoja kina swali moja. Kutokana na ufupi huo, mashauri huahidi kwamba wiki chache za mazoezi zatosha. Hatukubali. Kutambua kusudi la mwandishi katika aya moja ni stadi iliyolelewa na kurasa mamia, na stadi hiyo haina lugha moja: anayezoea kuifuata hoja katika riwaya ya Kiswahili huifuata katika Kiingereza pia, maadamu msamiati anao.

Basi twapendekeza nini? Mwanafunzi kwanza aulize kama chuo akitakacho chaudai mtihani huu. MIT iliurudisha 2022, Harvard 2024. Vyuo vingi vingine bado vimeuacha uwe hiari. Ukidaiwa, aufanye katika kidato cha tano, Mei, Juni au Agosti, na kama lazima arudie Machi au Mei ya kidato cha sita. Muhula wa tatu uachiwe mtihani wa taifa peke yake. Asipowahi, si aibu kungoja: baada ya Desemba anayo miezi mingi ya kufanya mtihani na kuomba nafasi ya mwaka unaofuata.

Nasi walimu tuwe na kalenda yetu. Vitabu teule visomwe kwa ukamilifu kabla ya mwisho wa kidato cha tano, ili kidato cha sita kiwe cha kurejea na kuhakiki. Mwanafunzi akija kutuuliza afanye lini mtihani wa ugenini, tusimjibu kabla ya kumwuliza amefika ukurasa wa ngapi.