Ufa Unaotii

Kazi ya fundi wa vioo ni kuvunja, na uhodari wake ni kuamua wapi.

Mtazame anapoanza. Kioo amekilaza juu ya meza iliyotandikwa blanketi kuukuu, amekifuta vumbi, rula ameibana kwa kiganja. Kigurudumu cha kukatia, kidogo kuliko punje ya mahindi, amekichovya kwenye mafuta ya taa. Anakivuta mara moja tu, kwa mgandamizo uleule toka ukingo hadi ukingo, huku akisikiliza. Sauti ikikatika, ajue na mstari umekatika. Kuurudia hataki: kupita mara ya pili huuchubua uso wa kioo na kuzaa nyufa za kando, kila mmoja na njia yake.

Mwaka 1921 mhandisi Mwingereza, A. A. Griffith, alichapisha maelezo ya jambo ambalo mikono ya mafundi ilikwisha kulizoea. Kioo huvunjika kwa nguvu ndogo mno kuliko ile ambayo chembe zake zingeweza kuhimili, kwa sababu uso wake umejaa nyufa ndogo zisizoonekana. Mkazo hukusanyika kwenye ncha ya ufa, na ufa ukizidi urefu, nguvu ya kuuendeleza hupungua. Fundi basi hukichagulia kioo udhaifu wake: ufa mmoja unaozishinda nyingine zote.

Kisha huusogeza mstari kwenye ukingo wa meza na kukikunja kioo kidogo, upande uliochorwa uvutike. Tak! Vipande viwili, kingo zimenyooka. Mstari ukiwa wa mviringo hana haraka. Hugonga taratibu kutoka chini, na ukikiinamia kioo utauona ufa ukisogea kama uzi wa fedha. Mimi hapo ndipo ninapomvulia kofia, maana ufa huohuo ukipewa nguvu kupita kiasi hukimbia zaidi ya mita 1,000 kwa sekunde na kugawanyika matawi, vikabaki vigae.

Kioo cha dirisha la pembeni la gari hakigusi. Hicho kilipashwa moto kupita nyuzi 600 za Selsiasi, kikapozwa ghafla kwa upepo. Ngozi yake imebanwa, ndani kunavutika. Ufa ukifika huko ndani, chote husambaratika kuwa punje. Kioo cha aina hiyo hukatwa na kutobolewa matundu ya bawaba kabla ya kuingia tanuri, na kosa la milimita chache likishapita hapo halirekebishiki.