Kigae Katika Fedha: Uchambuzi wa Pete za Masonara wa Lamu

Msafiri apitaye Usita wa Mui, njia kuu ya mji wa kale wa Lamu, huona katika makabati ya masonara pete, herini na vidani ambavyo mahali pa yakuti au feruzi pamewekwa kigae cha sahani iliyovunjika: kipande cheupe chenye ua la samawati, au cha kijani kilichofifia, kimezungushiwa ukingo wa fedha. Bidhaa hiyo imewavutia wanunuzi wa mbali kwa muda mrefu, na vitabu vya wasafiri huitaja. Walakini aghalabu husifiwa kwa lile lisilo sifa yake, yaani ukale wa kigae, na hunyamaziwa katika lile lililo sifa yake, yaani hesabu ya mkono uliokikata na kukifunga. Makusudi ya uchambuzi huu ni kuifungua kazi hiyo hatua kwa hatua, ili idhihirike thamani ya pete huzaliwa wapi, na kama biashara yake yaweza kusimama pasipo kuyachokoa makaburi na magofu.

Visiwa vya Lamu havijapata kuwa na uhaba wa vigae. Uchimbaji wa mwanaakiolojia Neville Chittick huko Manda, na wa mwenzake Mark Horton huko Shanga katika kisiwa cha Pate, ulifukua vyombo vya Uchina na vya Ghuba ya Uajemi vilivyofika pwani hii zaidi ya miaka 1000 iliyopita. Waungwana wa Lamu na Pate walivipanga vyombo vya kauri katika zidaka za kuta za ndani, na mafundi wa chokaa wakayapachika mabakuli katika makaburi ya wakubwa, kama inavyojulikana katika kaburi la mnara la Mambrui. Hata twaweza kusema kwamba sonara amemrithi mwashi, kwa kuwa wote wawili wamekitwaa chombo kisichoshika tena chakula wakakipa makazi ndani ya kitu kingine. Karne ya 19 ikaleta wimbi jingine, la vyombo vya viwanda vya Ulaya, hususa vya Maastricht katika Uholanzi, ambako kiwanda cha Petrus Regout kilituma pwani yetu mabakuli yenye maua ya rangi kali. Kwa hiyo kigae kinachoonekana ufuoni maji yakipwa chaweza kuwa cha zama za Ming za Uchina, au cha bibi wa jirani, au cha sahani iliyoanguka mwaka jana. Na kazi ya sonara huanza kwa kujua ni kipi.

Kauri halisi hutengenezwa kwa udongo mweupe wa kaolini uliopikwa katika moto wa nyuzi zipatazo 1300, hata mwili mzima wa chombo ukashikamana na kuwa karibu na kioo; mahali palipovunjika pana mng'aro na hapanywi maji. Vyombo vingi vya Maastricht, kwa upande mwingine, ni vya udongo mweupe uliopikwa kwa moto mdogo zaidi, mwili wake ukiwa na vitundu visivyoonekana, na juu yake umetandazwa utando wa kioo. Mafundi huvipambanua kwa njia nyepesi isiyohitaji chombo chochote: kigae kikiisha kuoshwa, pale palipovunjika huguswa kwa ncha ya ulimi, na kikinata, kinakunywa maji, basi si kauri, kisiponata, ni kauri. Tofauti hiyo si ya wanazuoni peke yao. Kigae chenye vitundu kilicholala baharini kimeshiba chumvi, na kinapokauka chumvi hiyo huganda kuwa chembe ngumu zinazokua chini ya utando na kuusukuma juu, hata pete iliyouzwa ikiwa nzuri ikaja kubanduka ngozi ndani ya sanduku la mnunuzi, mbali na macho ya aliyeiuza. Dawa yake ni subira: kigae hulowekwa katika maji matamu, maji yakabadilishwa tena na tena kwa majuma kadhaa, ndipo kikaushwe polepole kivulini. Kauri halisi haina dhiki hiyo, huoshwa ikaisha.

Baada ya hapo ndipo sonara huamua akate wapi, na hapa ndipo ninapoona kiini cha sanaa yote. Mchoraji wa bakuli alipanga maua yake kwa chombo kizima, kwa jicho la mtu aketiye mbele ya wali; sonara ana nafasi isiyozidi upana wa kidole, na katika nafasi hiyo lazima apate taswira iliyo kamili kwa nafsi yake: kitawi kimoja kinachopinda, au jani na nusu ya ua, au mistari miwili ya samawati yenye weupe mpana kati yake. Akikata katikati ya vurugu ya maua, hupata doa; akiacha weupe wa kutosha, hupata mchoro. Juu ya hayo, yapo masharti ya umbo. Ubavu wa bakuli umepinda pande mbili, na kipande chake kikiwa kikubwa hakitalala juu ya bamba la fedha lililo bapa. Kitako cha sahani ni bapa, lakini aghalabu hakina pambo ila katikati. Hivyo saizi ya pete huamuliwa na mpindo wa kigae kabla haijaamuliwa na matakwa ya mnunuzi.

Ukataji wenyewe una kanuni zake. Tupa ya chuma huteleza juu ya utando wa kauri, kwa hiyo hutumika kisahani chembamba kizungukacho, kilichopakwa chembe za almasi, kikimiminiwa maji daima. Maji hayo yana kazi mbili: hupoza kigae kisipasuke kwa joto la msuguano, na hulaza vumbi, ambalo ni la hatari kuliko linavyodhaniwa, maana unga wa kauri una silika, na silika ikivutwa kwa miaka huyatia mapafu kovu lisilopona. Kisahani huingia kwa upande wa pambo, ili pale kinapotokea, mahali ambapo vipande hubanduka, pawe upande wa nyuma utakaofichwa. Kisha kingo husagwa kwa cherehe kwa mshazari, juu pakiwa pembamba kuliko chini. Mshazari huo ndio siri ya ufungaji, kwa sababu ukingo ukisimama wima fedha haina pa kushika, na kigae kitabaki kimetegemea gundi peke yake. Na gundi huzeeka.

Tuje katika fedha. Riale ya Shamu, ile yenye sura ya malkia Maria Theresa na tarehe ya 1780 isiyobadilika, ambayo masonara wa pwani waliiyeyusha kizazi baada ya kizazi, ina uzito wa gramu 28 na kitu, na katika kila sehemu 1000 za madini yake sehemu 833 tu ni fedha safi. Pete za siku hizi huuzwa kwa muhuri wa 925. Anayeyeyusha riale moja na kutaka kiwango hicho yampasa aongeze gramu 34 hivi za fedha safi, yaani zaidi ya uzito wa riale yenyewe. Na asiyeongeza, akapiga muhuri, ameandika uongo juu ya chuma, wala uzuri wa kazi yake haumtoi katika kosa. Upungufu huo si wa heshima tu. Fedha yenye shaba nyingi huwa ngumu na hupenda kurudi ilikotoka, na ukuta mwembamba wa fedha unaokizunguka kigae na kupaswa kulala juu yake hauwezi kulazwa bila ya nguvu. Nguvu nayo ndiyo adui wa kauri. Kwa ajili hiyo yafaa ukuta huo utengenezwe kwa fedha safi, iliyo laini, na mwili wa pete, unaobeba misukosuko ya kila siku, utengenezwe kwa 925.

Utaratibu wa kuunga ni mmoja, na hauna msamaha: moto kwanza, kigae mwisho. Fedha huyeyushwa ikamiminwa, ikafuliwa juu ya fuawe, ikapitishwa katika matundu ya chamburo hata ikawa uzi, na uzi ukapondwa ukawa utepe. Utepe huzungushwa kukifuata kigae kwa kipimo, kisha kigae huondolewa, na utepe ukaungwa kwa lehemu iyeyukayo kabla ya fedha yenyewe, ikisaidiwa na boraksi. Kijumba hicho cha utepe kikiisha kuungwa juu ya bamba na bamba juu ya pete, kazi huoshwa kwa asidi nyepesi ili weusi wa moto utoke. Ndipo kigae kinaporudishwa, kikiwa baridi na fedha ikiwa baridi, juu ya kitanda chembamba cha lakiri kinachojaza mwanya ulioachwa na mpindo wa nyuma. Pasipo kitanda hicho kigae huelea, na pigo dogo la mezani hukipasua. Ukuta hulazwa kwa kusukumwa mahali pawili panapokabiliana, kisha pengine pawili, hata duara likaisha. Anayeuzungukia mfululizo kutoka upande mmoja hukusanya fedha yote mwishoni ikafanya kunyanzi isiyoondoka.

Kwa hesabu hii yadhihirika kwamba bei haiwezi kupimwa kwa mizani peke yake. Fedha ya pete ni kidogo na kigae hakikununuliwa. Kilicho ghali ni uchaguzi na saa za mkono. Herini ndizo zinazolithibitisha jambo hili zaidi: pete yahitaji kigae kimoja chema, ila herini zahitaji viwili vinavyolingana kwa rangi, mpindo na mchoro, na hivyo hupatikana kwa nadra, hususa katika ukingo wa sahani ambamo pambo hurudiwa. Sonara auzaye jozi ya herini kwa bei ya pete mbili amejidhulumu, kwa kuwa alichotafuta si vipande viwili bali ulinganifu wao. Fauka ya hayo, soko lake ni la wageni, na wageni wa Lamu hukatika ghafula, kama walivyokatika baada ya wageni wenzao kutekwa mwaka 2011, baada ya shambulio la Mpeketoni la Juni 2014, na wakati wa maradhi ya Korona ya 2020.

Katika dhiki kama hiyo ndipo kishawishi cha kuuza ukale kinapokuwa kikali. Mnunuzi huambiwa kwamba kigae ni cha miaka 600, naye hulipa kwa furaha. Lakini sheria ya Kenya ya Makumbusho ya Taifa na Turathi ya mwaka 2006 huhesabu kitu kilichotengenezwa au kuingizwa nchini kabla ya 1895 kuwa cha kale, na kitu cha namna hiyo hakitoki nchini bila ya kibali. Basi sonara adaiye ukale, akiwa mkweli, amemuuzia mgeni kitu ambacho hana ruhusa ya kupanda nacho ndege. Na akiwa si mkweli, amemdanganya. Hakuna upande wa tatu. Tena kigae kilichong'olewa katika tabaka lake ardhini kimemnyima mtaalamu ushahidi, kwa maana Chittick na Horton walizipima zama za kuta kwa vigae vilivyolala kando yake, na kigae kilichokwisha kufungwa katika pete hakiwezi tena kutoa ushahidi wa ukuta wowote.

Njia iliyo salama ni pana kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu hakuna hatua hata moja kati ya zile nilizozieleza ambayo inahitaji ukale. Ulimi haujali karne, wala kisahani cha almasi, wala lakiri. Sahani ya karne ya 20 iliyovunjika jikoni, ambayo mwenyewe ameileta kwa hiari na muhuri wa kiwanda ungali kitakoni mwake, hutoa pete iliyo sawa kwa uzuri na ile ya Ming, nayo huweza kuuzwa mchana, kwa kadi ndogo inayotaja kiwanda, kiwango cha fedha na mahali kilipotoka kigae. Na kuna mnunuzi ambaye masonara hawajamwita vya kutosha, naye ni Mwamu, yaani mwenyeji wa Lamu mwenyewe: mtu aliyevunjikiwa sahani ya harusi ya mama yake hahitaji kuhadithiwa habari za Uchina ili alipe ujira wa kuihifadhi, na mtu huyo hazuiwi kuja na tahadhari ya serikali yoyote ya ng'ambo.

Kwa hiyo mnunuzi anayetaka kuitambua kazi njema asianze kwa kuuliza umri. Aipindue pete aone muhuri wa 925. Apitishe ukucha juu ya ukingo kuona kama unakwama. Akigonge kigae kwa wepesi asikie kama kimetulia kitandani au kinaelea. Kisha aulize sahani ilikuwa ya nani. Sonara anayejibu swali hilo la mwisho bila ya kusita anastahili bei yake yote.