Pongezi kwa mafundi wa giaboksi wa Goma

Goma si mji wa kuhurumia giaboksi. Barabara ya kupanda Masisi kupitia Sake ni matope na miinuko, na mjini kwenyewe mitaa mingi ni mawe ya lava ya volkano ya Nyiragongo, ile ya 2002 ikiwamo. Lori likija limebeba kupita kiasi, dereva anabadili gia kutwa nzima. Kwa hiyo fundi hapa hakosi kazi.

Ninachompendea ni kwamba hakimbilii spana. Kwanza anakanyaga klachi, maana gia inayolia ikiingizwa huenda haina kosa. Klachi ndiyo haiachii. Kisha anamwaga oili ndani ya beseni na kuigeuza juani. Ikimeta kama vumbi la dhahabu, pete za shaba zinazolinganisha mwendo wa gia zimelika. Akikuta vipande vya chuma, uso unabadilika: hapo ni meno au beringi, na mwenye gari aanze kutafuta pesa. Gia inayoruka yenyewe ina kesi yake, mara nyingi springi iliyochoka au uma wa kusukuma gia uliopinda.

Mletee hata gari la Marekani la miaka ya 1950, la gia tatu na mkono kando ya usukani. Mengi ya hayo hayana pete kwenye gia ya kwanza, hivyo ili kuiingiza unasimama kabisa au unakanyaga klachi mara mbili. Madereva wazee wa malori watakuonyesha namna, tena kwa majivuno.