Kazi Inayobaki Baada ya Kiwanda

Spea ya kuiga ikitolewa kwenye boksi hung'aa kuliko gari zima, na hapo ndipo wenye Land Rover za zamani wanapodanganyika. Wanaiona imelala mezani, rangi nyeusi haijapata hata mkwaruzo, namba ni ileile ya kwenye kitabu cha kiwanda, wanadhani kilichobaki ni spana na dakika chache. Fundi mzoefu anaona kipande cha chuma ambacho bado hakijamalizika, na anajua anayetakiwa kukimalizia ni yeye.

Nazungumzia hasa Land Rover 109, zile pikapu ndefu ambazo watu wa Arusha na Karatu wamebebea kila kitu, kuanzia mahindi mpaka wagonjwa. Hiyo 109 ni inchi, kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam Aprili 1948, na uzalishaji wa Series III ukakoma mwaka 1985. Hata iliyo changa kabisa imeshakuwa mtu mzima. Vipuri vya enzi zake vimeadimika, na pengo limezibwa na viwanda vinavyotengeneza kwa kufuata sampuli. Vingine vinaiga vizuri. Vingine vinaiga umbo tu.

Chukua springi. Tangu mwanzo springi za gari hili hazikuwa pacha: ya upande wa dereva ilipindwa zaidi kuliko ya abiria, maana upande huo hubeba mzigo muda wote. Muuzaji asiyejua atakufungia mbili zinazofanana, na wewe utashangaa kwa nini gari lenye springi mpya limeinama kama linasikiliza kitu. Fundi anazisimamisha zote mbili sakafuni kabla ya kugusa jeki, anapima upinde, anauliza maswali.

Kisha inakuja bushi, na hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Ile ya zamani imeshikamana na chesisi kwa kutu ya miongo. Mwenye pupa huitwanga kwa nyundo mpaka tundu linapoteza uduara wake. Fundi hutoboa mpira, hupitisha ubapa wa msumeno wa chuma ndani ya ala ya bushi, hukata taratibu mpaka ala inywee, akichunga asikwangue chesisi. Bushi mpya anaivuta kwa boliti ndefu na washa nene, iingie imenyooka. Na nati za springi hazikazi gari likiwa juu ya jeki. Anazifikisha kiasi tu, analishusha gari likae kwa uzito wake, analisukuma huku na huku, ndipo anakaza. Ukikaza springi ikiwa inaning'inia, mpira unabaki umejipinda siku zote, na barabara ya makorongo itauchana mapema. Bushi itatupiwa lawama kwamba ni feki, kumbe ilinyongwa siku ya kufungwa.

Haina maana kwamba feki hazipo. Rota ya distributa ya Lucas ni kipande kidogo kinachoenea kwenye kiganja, na zimeuzwa za kuiga ambazo ribiti ya shaba inayoshika ulimi wake imepita karibu mno na shafti iliyo chini. Injini inawaka vizuri, inapata moto, kisha cheche inatoroka kupitia ribiti hiyo na gari linazima katikati ya mlima. Watu wamebadilisha kabureta na pampu ya mafuta kwa sababu ya rota. Ndiyo maana mafundi wengi wa magari haya sasa hutafuta rota nyekundu zisizo na ribiti kabisa. Rota hizo nyekundu ni mfano wa nakala iliyoishinda asili yake.

Mkono nao una elimu yake. Land Rover za mwanzo zilitumia hesi za BSF, baadaye kiwanda kikahamia UNF. Boliti ya tatu kwa nane ya inchi ya BSF ina nyuzi 20 kwa inchi, ya UNF ina 24. Kwa macho ni ndugu. Nati inaingia mzunguko mmoja au miwili, inakwama. Fundi anasikia kwa vidole na kuacha hapohapo. Asiyesikia huongeza urefu wa spana.

Kuhusu bodi sina la kusema sana. Ni alumini, kwa kuwa baada ya vita Uingereza ilikuwa na uhaba wa chuma, na alumini hiyo ikigusana na fremu ya chuma penye maji huliwa ikawa unga mweupe. Paneli mpya ifungwe na kizuizi katikati, rangi nzito au mpira, vinginevyo umenunua unga.

Wapo wanaoamini kwamba spea orijino zilikuwa zinajipachika zenyewe. Siafiki. Kiwanda cha Land Rover cha Solihull chenyewe kiliweka shimu nyembamba kwenye kingpini za mbele, kwa sababu kilijua hakuna vipande viwili vinavyotoka sawasawa na kwamba mtu atalazimika kupima. Spea ya kuiga imerefusha tu umbali kati ya kipande na mahali kinapotakiwa kukaa, na kwenye umbali huo ndipo fundi wetu anapofanyia kazi kwa tupa, vernia na subira ambayo bei ya "kufunga springi" haiihesabu.

Kwa hiyo, msomaji mwenye gari la aina hii, ukimpelekea fundi spea mpya mpelekee na ile ya zamani hata kama imevunjika, azilinganishe. Na akikutajia malipo, usimhesabie nati alizokaza. Mlipe na saa alizotumia kupima.