Paneli Ielekee Kibla

Kuna kazi za mikono ambazo jicho peke yake latosha kuzihukumu: mlango wa nakshi hujieleza wenyewe kwa apitaye, na jamvi la ukindu halihitaji mizani, lakini kazi ya kufunga umeme wa jua juu ya paa la nyumba ni ya jinsi nyingine kabisa, kwa kuwa uzuri wake wa dhahiri na ubora wake wa batini aghalabu hawajuani, na mtu aitazamaye kwa jicho tupu huenda akaisifu ile iliyofungwa kwa ghalati na kuidharau ile iliyofungwa na stadi.

Nami nilighurika vivyo hivyo. Nyumba yangu iko Segera, karibu na pale njia itokayo Chalinze inapogawanyika, mkono mmoja ukaelekea Muheza na Tanga, wa pili Korogwe hata Moshi na Arusha. Na sisi watu wa njia panda tuna maradhi yetu, kwamba kila tukifanyacho twapenda abiria wa mabasi wakione. Fundi wa kwanza niliyemwita aliyajua maradhi hayo kuliko nilivyoyajua mimi. Alipanda na paneli, akaisimamisha juu ya vyuma virefu upande wa barabara, akashuka akijifuta mikono, akaniambia, "Mzee, hapo kila apitaye ataiona." Kweli ikaonekana; na tangu Mei hata Septemba taa zangu zilikuwa zikizimika kabla ya saa tatu ya usiku, nami nikiilaumu betri isiyo na kosa.

Kosa lilikuwa la upande. Segera iko kusini ya Ikweta kwa digrii 5 na kidogo, na kwa hiyo jua hutupita utosini mara mbili kwa mwaka, wiki ya kwanza ya Machi na wiki ya kwanza ya Oktoba. Kati ya Oktoba na Machi huwa upande wa kusini, na miezi saba iliyosalia huwa upande wa kaskazini, hata ikifika Juni, saa ya adhuhuri, limejitenga na utosi kwa digrii zipatazo 29. Paneli iliyosimamishwa wima kidogo na kutazama kusini, kama ilivyokuwa yangu, hulipa jua hilo kisogo, ikapoteza yapata nusu ya nuru yake. Wazee wa pwani wakitaja kibla huwa na maana mbili, mji wa Makka na upande wa kaskazini, na kwetu sisi maana hizo mbili ni karibu kitu kimoja, maana Makka iko kaskazini yetu ikipotoka kwa mashariki kiasi kidogo mno. Basi paneli na ielekee kibla, na fundi asiye na dira na aulize msikitini.

Ama kuhusu mwinamo, kwa hisabati ya jua peke yake digrii 5 zingetosha. Lakini paneli iliyolazwa hivyo hutuamisha maji na vumbi jekundu la Handeni kwenye ukingo wake wa chini, na ndiyo sababu mafundi wazuri huiinua hata digrii 10 au 15, wakakubali kupoteza chembe ya nuru ili mvua za vuli na masika ziwe watumishi wao wa kuosha kioo. Ukiona mwinamo wa digrii 30, jua kwamba fundi wako ameiga picha ya Ulaya.

Ukisha kuutazama uso, tazama mgongo. Kati ya paneli na mabati sharti pawe na nafasi isiyopungua upana wa kiganja, upepo upite, maana seli hupungukiwa nguvu kadiri zinavyopata joto. Paneli iliyolaliana na bati ni kama mkate uliosahauliwa juu ya chuma. Vyuma vya kushikilia vishike papi na kenchi, visishike bati tupu, na kila tundu lililotobolewa liwe na mpira wake, la sivyo masika yatakuonyesha dari yako upya. Kisha kivuli. Seli 36 za paneli ndogo ya kuchaji betri ya volti 12 zimefuatana kama wapagazi wa msafara katika njia nyembamba: akisimama mmoja, wa nyuma yake wote wamesimama, na ingawa diodi zilizofichwa nyuma ya paneli hupunguza madhara, tawi moja la mwembe laweza kula sehemu kubwa ya mavuno ya asubuhi. Wala usiridhike kwa kutazama siku moja, kwani mwembe ulio kusini ya nyumba, ambao Juni hauna dhambi, Desemba huleta kivuli.

Ubora wa paneli yenyewe hupimwa dukani, kwa futi ya kamba. Paneli njema za siku hizi hugeuza kuwa umeme kiasi cha sehemu moja katika tano ya nuru izipigayo, na jua kali la adhuhuri huleta kama wati 1,000 katika kila meta moja ya mraba. Basi paneli yenye meta moja ya mraba, inayojitangaza kwa maandishi makubwa kwamba ina wati 300, inasema uongo, hata kama muuzaji ameapa. Sina la kuongeza hapo, ila kwamba alama ya Shirika la Viwango na risiti yenye jina la duka havimchoshi mtu kuvidai.

Sasa tufike kwenye kipimo, ambacho ndicho muradi wangu. Fundi mwenye haraka atachukua mita yake, ataigusisha kwenye nyaya za paneli, atakuonyesha volti 21, nawe utafurahi. Usifurahi. Volti za paneli isiyofungwa kwenye mzigo ni shahidi mwenye adabu kupita kiasi, asemaye neno lile lile mbele ya kila mtu: chini ya wingu zito zitashuka kidogo tu, na paneli iliyochakaa bado huzitoa. Shahidi wa kweli ni ampia. Paneli ya wati 100 yenye seli 36 huandikwa mgongoni mwake ampia zinazokaribia 6 pale nyaya zake mbili zinapokutanishwa kupitia mita, na ukipima jua likiwa wazi utapata kati ya 5 na 6. Ukipata 3, kuna uchafu, au kivuli, au ulaghai. (Hadhari: jambo hilo hufanywa kwa paneli peke yake, na mita yenye kuhimili ampia hizo, atakayeijaribu betri namna hiyo ataunguza mita, na huenda na vidole.)

Saa ya kupima nayo ina elimu yake. Saa zetu zimefuata meridiani ya digrii 45, nasi tuko kama digrii 38 na nusu, kwa hiyo jua hufika kileleni kwetu karibu saa sita na nusu kwa kawaida ya mwaka. Anayeisikia adhana ya adhuhuri hana haja ya hesabu hiyo, kwa kuwa zawali ndiyo hiyo. Pima wakati huo, mbingu zikiwa safi, mzigo ukiwa umefungwa na betri ikiwa na njaa, kisha zidisha volti kwa ampia. Usitazamie wati 100 kamili: namba ile ya mgongoni imepimwa maabara seli zikiwa na nyuzi 25, ilhali juu ya bati la Segera hufika nyuzi 60, na kila uzi mmoja hunyofoa karibu asilimia 0.4. Wati 80 ni kazi ya kusifiwa. Wati 55 ni kasoro ya kutafutwa. Wati 100 kamili, shuku mita.

Kasoro yenyewe aghalabu imo katika waya. Kutoka paa langu hadi betri ni meta 15, yaani meta 30 kwenda na kurudi. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, ampia 6 zikipita, huzila volti moja na robo njiani, ilhali waya wa 6 hula nusu volti tu. Pima volti paneli ikifanya kazi, kwanza paani, kisha kwenye kidhibiti cha chaji, na tofauti ikipita nusu volti mwambie fundi abadili waya. Fyuzi iwe karibu na betri. Hilo halina mjadala.

Betri ya risasi huulizwa alfajiri, kabla jua halijaigusa na baada ya taa kuzimwa: volti 12.7 imejaa, 12.2 imebaki nusu, 11.8 imekwisha, na inayoshushwa chini ya nusu kila usiku haifi siku zake. Ya lithiamu haipimwi hivyo, maana volti zake husimama palepale hata karibu na mwisho.

Watu huniuliza mbona mtu aliye jirani ya Hale, ambako maji ya mto Pangani yamefua umeme tangu 1964, megawati 21, ahangaike na paneli. Jibu langu ni kwamba nyaya zile kubwa hupita juu ya mashamba ya mkonge bila ya kusimama kwa kila mlango. Fundi wa pili, mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, aliigeuza paneli yangu ikaelekea kibla, akabadili waya, na abiria hawaioni tena. Nawe, msomaji, fundi wako akishuka paani na kunyosha mkono, mkaribishe chai, mkae mpaka adhuhuri, mpande pamoja na mita, kisha ndipo umlipe.