Jina la Uwanja Halitoshi

Tarehe 2 Septemba 1972, mjini Munich, John Akii-Bua alikimbia mita 400 kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Alikuwa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48, na dhahabu yake ilikuwa ya kwanza kwa Uganda katika Olimpiki. Leo uwanja wa Lira unabeba jina lake. Ni heshima, lakini jina halimwambii mtoto kwamba bingwa huyo alipangiwa njia ya kwanza, ya ndani kabisa, yenye kona kali kuliko zote.

Hapa ndipo thamani ya kumbukumbu za michezo inapoonekana. Mfanyabiashara huipima kwa bei ya mnada. Serikali nayo huupima ushindi kwa zawadi: Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni ya Olimpiki ya London mwaka 2012, Rais Museveni alimpa shilingi milioni 200. Mwanariadha anastahili fedha. Hata hivyo, fedha ni zake, nasi tunabaki bila kitu cha kuonyesha. Kiatu kilicholika kisigino hufundisha jasho ambalo medali inayong'aa huficha.

Wapo watakaosema intaneti inatosha, kwani Shirikisho la Riadha Duniani lilifungua makumbusho ya mtandaoni mwaka 2021. Lakini mwanafunzi wa Namakwekwe asiye na bando haupiti mlango huo. Makumbusho ya Uganda nayo yako Kampala, ilhali Kiprotich na Joshua Cheptegei ni wana wa Sebei, na anayetoka Mbale kwenda kwao Kapchorwa hupita Sironko kabla ya kufika.

Pingamizi zito zaidi ni la umiliki. Medali ni mali ya mwanariadha na jamaa zake. Kuwanyang'anya kwa jina la taifa ni dhuluma. Basi makumbusho yaikope kwa mkataba wenye muda maalumu, au yaonyeshe nakala yake pamoja na viatu na namba ya kifuani. Mbale ingeweza kuanza na kabati moja la kioo lenye kufuli, na maelezo kwa Kiswahili, Lugisu na Kupsabiny.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mabingwa wetu wengi bado wako hai. Tuwaombe viatu hivyo sasa, wakiwa wanaweza kutueleza wenyewe vililikaje.