Nani Mwenye Mwisho wa Ngano? Fanani na Hadhira katika Gemu za BioWare

Sote tumefundishwa kwamba ngano haiishi bila fanani na hadhira. Fanani hutamba, hadhira huitikia, huuliza, huguna, na pengine humrudisha kwenye mstari. Makala haya yanadai kwamba historia ya BioWare, kampuni ya Kanada inayotunga michezo ya kompyuta, ni historia ya uhusiano huo, na kwamba kampuni huteleza inaposahau neno la hadhira.

Chanzo chake kwa ufupi. BioWare ilianzishwa Edmonton mwaka 1995 na madaktari watatu wa tiba: Ray Muzyka, Greg Zeschuk na Augustine Yip. Mwaka 1998 ilitoa Baldur's Gate, gemu iliyoipatia jina. Humo mchezaji hapigani tu. Anaongea na wahusika, anachagua majibu, na wenzake wa safari wakichukizwa na mwenendo wake wanaweza kumwacha njiani. Hadhira imeingizwa ndani ya kazi.

Kilele ni Mass Effect, yenye sehemu tatu: 2007, 2010 na 2012. Kamanda Shepard anapambana na Reapers, mashine zinazofyeka jamii zilizoendelea kila baada ya miaka 50,000. Kimaudhui hakuna jipya sana hapo. Upya uko katika fani: maamuzi ya sehemu ya kwanza huhifadhiwa na kuhamishiwa zinazofuata. Uliyemwacha afe, basi kafa, humkuti tena. Hiyo ni ahadi kwamba neno lako litakumbukwa.

Machi 2012 ahadi iliyumba. Sehemu ya tatu iliishia kwenye njia tatu zilizofanana mno, kana kwamba maamuzi ya miaka mitano hayakuwa na uzito wowote. Wachezaji wakaja juu. Wapo waliosema eti hadhira haina haki ya kumwamuru mtunzi. Sikubaliani nao. Msomaji wa riwaya hakuombwa neno. Mchezaji huyu aliombwa, tena mara nyingi. Alikuwa anadai deni lake.

Juni mwaka huohuo BioWare ilitoa nyongeza ya bure, Extended Cut. Hapa mhakiki atulie kidogo. Njia zile tatu hazikufutwa. Zilifafanuliwa, kisha ikaongezwa ya nne: Shepard anaweza kuzikataa zote. Akikataa, Reapers wanashinda na zama zake zinaangamia. Ujumbe ulioachwa ndio unaowafaa watakaokuja baadaye. Waweza kuona kejeli hapo: mkiikataa ngano yangu, haya, fieni nayo! Inawezekana. Lakini mimi naona pia fanani aliyesikia kelele za wasikilizaji na kuzitia ndani ya ngano yenyewe. Hata jibu la ukali ni jibu.

Shaka yangu iko kwingine: fanani mwenyewe ni nani? Drew Karpyshyn aliongoza uandishi wa sehemu ya kwanza, Mac Walters wa sehemu ya tatu. Juu yao kulikuwa na Electronic Arts, iliyotangaza kuinunua BioWare mwaka 2007. Muzyka na Zeschuk wakaondoka mwaka 2012. Mtambaji anaweza kubadilika, hilo si ajabu katika fasihi simulizi. Kinachoshikilia ngano ni kumbukumbu inayorithishwa. Sasa tazama Dragon Age: The Veilguard ya mwaka 2024. Inamuuliza mchezaji maamuzi matatu tu aliyoyafanya katika sehemu iliyotangulia, ya mwaka 2014. Mengine yote kapuni! Fanani mpya amekuja, na kumbukumbu ya baraza ameiacha mlangoni.

Basi tusiishie kubishana kama gemu ni fasihi au la. Nawaachia wenzangu na walimu wetu swali hili: mwenye kampuni akimwita mchezaji mteja, na mhakiki naye akanyamaza, ni nani atakayemtetea kama hadhira?